Nilikosea sentensi moja kwenye audio ya somo, ikafika Lituhi kabla yangu

Wakuu, salaam kwenu wote, mlioko kazini na mlioko vijiweni.

Mimi humu ni msomaji wa miaka mingi. Napita, nagonga like, naondoka. Leo nimeamua kuandika mwenyewe kwa sababu kuna uzi nimeuona wa walimu wanaojadili kufundisha kwa simu, nikaona nami nina la kusema.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe. Sijatia chumvi, na mkisoma mtaelewa kwa nini neno hilo siku hizi linanisumbua. Majina nimebadilisha, chuo sitakitaja.

Mimi ni mkufunzi kwenye chuo kimoja kidogo cha afya huku Mbinga. Nafundisha afya ya jamii. Wanafunzi wetu wengi ni watoto wa wakulima wa kahawa na mahindi wa huku juu, wengine wanatoka mwambao wa ziwa kule chini.

Shida yetu mnaijua. Projekta ni moja, umeme ukikatika kipindi kimeishia hapo. Na wanafunzi wakienda field wanasambaa kwenye zahanati za mbali, vipindi vinawapita.

Nikaanza kurekodi masomo. Sikutaka video, maana video inakula bando, na kuna vijiji huku inazunguka tu mpaka unakata tamaa. Audio ya dakika saba au nane inapita hata pale mtandao unapokohoa.

Studio yangu ilikuwa stoo ya magodoro ya hosteli. Msicheke. Magodoro yanameza mwangwi, sauti inatoka safi. Matroni ananifungulia, nakaa juu ya magodoro naongea na simu kama mtu anayegombana na mkewe.

Wanafunzi wakapenda mno. Wanasikiliza wakifua, wakipika, wakitembea kwenda mjini. Mkuu wa chuo akanisifu kwenye kikao, akawaambia wakufunzi wenzangu waje wajifunze kwangu.

Hapo nikaanza kujiona.

Sasa, grupu la darasa lilikuwa vurugu. Huyu anauza viatu, yule anaposti sala ya asubuhi, wengine wanabishana mpira. Audio zangu zinazama katikati. Nikaenda kwenye setting, nikafunga, admini peke yake ndiye anayeandika.

Admini ni mimi.

Grupu likatulia. Niseme ukweli, nilipenda ule utulivu. Niliwaambia mwenye swali aulize darasani. Darasani hawaulizi, na mimi nikaamini wameelewa.

Niendelee.

Masika yale nilirekodi mada ya kuhara kwa watoto. Ndani yake kuna kipande cha kuchanganya maji ya sukari na chumvi nyumbani pale pakiti za ORS zinapokosekana. Kwa faida ya kila anayesoma hapa: lita moja ya maji safi na salama, vijiko vya chai SITA vya sukari, NUSU kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko vya kusawazisha, si vya mlima. Pakiti ikipatikana, tumia pakiti, na mtoto apelekwe kituoni.

Siku ile mvua ya Mbinga ilikuwa inanichezea. Nilianza, ikapiga bati, nikafuta. Nikaanza tena, ikarudi. Mara ya tatu nikaona wingu linasogea kutoka milimani, nikasema hapa nikimbie.

Nikakimbia. Ulimi ukageuza. Nikasema vijiko sita vya chumvi na nusu kijiko cha sukari.

Sikusikia nilichosema. Sikurudia kuisikiliza. Nikatuma kwenye grupu, nikamrudishia matroni ufunguo, nikaenda kunywa chai.

Wiki tatu zikapita.

Nikatoa test. Jioni moja nimekaa na kalamu nyekundu nasahihisha, karatasi ya kwanza imeandikwa vijiko sita vya chumvi. Nikaweka mkasi, ile alama ya kosa. Ya pili vilevile. Ya tatu vilevile. Nilipofika karibu nusu ya zile karatasi, nikaacha. Wakuu, nilijua kabisa wameibiana majibu. Hata sikuona sababu ya kumaliza.

Asubuhi niliingia darasani bila salamu. Nikapiga bunda la karatasi mezani.

"Hili ni jibu la kumuua mtoto," nikawaambia. "Nani amewafundisha hivi?"

Wanaangalia madaftari.

Nikarudia, "Nauliza, nani amewafundisha?"

Nyuma akasimama Sista Benigna. Huyu ni mtawa wa shirika moja, nyumba yao iko upande wa Kigonsera. Ni mkubwa kuliko wenzake darasani, na kabla ya kuja chuo alikuwa anasaidia kwenye zahanati ya masista. Mtu wa maneno machache.

Akasema, "Ni wewe, mwalimu."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayemwambia mwenzake kifungo cha shati kimefunguka.

Nikamwambia haiwezekani. Akaomba ruhusa atoe simu, maana darasani kwangu simu ni marufuku. Akaitafuta ile audio, akasogeza mpaka pale, akaongeza sauti.

Mimi huyo. Sauti tamu, haina kigugumizi. "Vijiko sita vya chumvi, na nusu kijiko cha sukari. Narudia, sita vya chumvi."

Narudia. Hata kurudia nilirudia.

Hakuna aliyecheka. Nadhani wangecheka ningepata nafuu.

Nikamuuliza Sista, "Ulijua nimekosea?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Grupu umefunga, mwalimu."

"Namba yangu si unayo?"

"Ninayo. Nilianza kukuandikia, nikafuta. Nikafikiri labda mwongozo umebadilika, maana umesema bila kusita. Kwenye test nimeandika la zamani, ila nilikuwa naogopa nitakosa."

Wakuu, lile la mwisho lilinikaa. Mtu aliyewapa watoto maji yale kwa mikono yake miaka kadhaa, ameogopa kuandika anachokijua kwa sababu ya sauti yangu.

Nikavuta kiti nikakaa. Nikawaomba radhi, moja kwa moja, bila maelezo ya mvua wala bati.

Halafu ndipo likanijia wazo lililonitoa jasho. Nikauliza, "Nani ametuma hii audio nje ya chuo?"

Mikono ikapanda. Siyo mingi, lakini ilipanda.

Nikawaambia toeni simu wote, pigeni sasa hivi, hapa hapa. Darasa likageuka soko. Mmoja kaka yake yuko Mpepai, amezijaza audio zangu kwenye memori kadi anasikiliza akipalilia. Akamweka spika. Kaka anasema, "Ile ya kuhara? Hiyo huwa naruka, nasikiliza ya malaria." Hapo tu ndipo darasa lilicheka kidogo.

Mmoja mmoja wakawa wanamaliza, wanasema amepata ujumbe, ameelewa, ameifuta.

Akabaki Tekla. Tekla ni binti wa Lituhi, kule ziwani, mama yake ni mhudumu wa afya wa kijiji, wale wanaopita nyumba kwa nyumba. Yeye ndiye aliyekuwa anamtumia mama yake kila audio ninayotoa.

"Mama hapatikani," akasema. "Hata jana sikumpata."

"Anazisikiliza mwenyewe?"

"Anasikiliza, halafu nyingine anawawekea kina mama wenzake, anawafundisha."

Nilikwenda kwa mkuu wa chuo nikamweleza yote. Alisikiliza vizuri, akasema niandike barua ipitie wilayani, iende kwa utaratibu. Nikamwambia barua nitaandika, lakini kesho asubuhi mimi naenda Lituhi. Akaniangalia, akasema, "Basi nenda taratibu, barabara ina malori."

Kesho yake nikawasha pikipiki. Kigonsera nikapita bila kusimama, Kitai nikakata kushoto kuelekea ziwani. Kwa wanaoijua ile njia, mnajua malori ya makaa ya mawe yanavyokuogesha vumbi mvua ikikatika siku mbili. Nilikuwa natembea na swali moja tu kichwani. Nikifika nikaambiwa kuna mtoto amedhurika, nitasema nini?

Hivyo hivyo mpaka nikaanza kuliona ziwa.

Nilifika kabla ya saa sita. Kwa Mama Tekla nilielekezwa haraka, kila mtu anamjua. Nilimkuta amekaa nje anamenya mihogo. Mama wa makamo, kanga kiunoni, mkoba wake wa kazi umening'inia mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nikataja jina langu. Kisu kikasimama.

"Mwalimu wa Tekla. Mwanangu ana nini?"

"Tekla mzima, mama. Nimekuja kwa kosa langu mimi."

Nikamweleza. Hakunikatiza. Nilipomaliza akaendelea kumenya muhogo ule mpaka ukaisha, akautumbukiza kwenye sufuria ya maji, akafuta mikono.

"Kwa hiyo niliyofundishwa zamani ndiyo yenyewe," akasema.

"Ndiyo yenyewe, mama."

"Sita sukari."

"Sita sukari, nusu chumvi."

Akatikisa kichwa polepole. Halafu akanieleza.

Wiki iliyopita mtoto wa miaka miwili wa jirani yake, anaitwa Jeni, alianza kuhara. Pakiti kwenye mkoba zilikuwa zimekwisha. Akakumbuka audio yangu. Akaisikiliza, akashangaa, akachanganya kama nilivyosema. Akaonja, maana walifundishwa kuonja kwanza.

"Nikasema mbona kali namna hii. Nikairudisha simu nikasikiliza tena. Ukasema vilevile. Nikairudisha mara ya tatu. Vilevile. Nikasema huyu ni mwalimu wa chuo, mimi ni nani."

Mtoto akapewa vijiko kama vitatu, akatapika vibaya, akalegea. Mama yake akambeba akakimbia naye kituo cha afya. Kule wakampa ORS na zinki, akalazwa siku moja, akarudi nyumbani.

"Anaendeleaje sasa?"

"Anacheza. Ukipita pale utamwona."

Wakuu, nilishusha pumzi. Nilidhani hapo ndipo kisa kimeishia.

Nikamuuliza, "Mama Jeni anajua ilikuwa sauti yangu?"

"Hajui. Hiyo audio niliisikiliza peke yangu. Nilimwambia nimekosea kupima mimi."

"Kwa nini, mama?"

"Ningesema ni mwalimu wa Tekla, wangesema chuo chenyewe ndicho hicho. Na mwanangu bado anasoma huko."

Ndipo nikaelewa kwa nini yuko nyumbani anamenya mihogo siku ya kazi, na mkoba uko mlangoni. Kina mama, akaniambia, walikuwa wameacha kumfungulia. Simu ameizima, hataki Tekla amsikie sauti. Mama Jeni hamsalimii. Miaka yote ya kupita nyumba kwa nyumba imekwisha kwa vijiko vitatu, na aliyekosea alikuwa Mbinga anasifiwa kwenye vikao.

Nikamwambia, "Mama, nipeleke walipo."

Hakutaka. Alisema yamekwisha, tuyaache. Nikamwambia kwako yamekwisha, kwangu hayajaanza. Akachukua kanga nyingine akajifunga kichwani, tukaenda.

Kina mama walikuwa karibu na maji wanageuza usipa, wale dagaa wetu wa ziwani, kwenye vichanja. Mama Jeni alikuwa mmoja wao, binti mdogo tu, mikono imejaa magamba. Mtoto alikuwa amekaa kivulini chini ya kichanja anachezea kifuniko cha ndoo. Nilimwangalia yule mtoto muda mrefu kidogo.

Mama Tekla akasalimu. Wakaitikia wawili watatu. Mama Jeni aliendelea kugeuza samaki.

Nikajitambulisha. Nikasema mimi ndiye ninayerekodi yale masomo, na kwenye lile la kuhara niligeuza chumvi na sukari. Mama Tekla hakukosea kupima, alipima sawasawa na nilivyosema mimi. Alitilia shaka, akanisikiliza mara tatu, na mara zote nilimdanganya. Kosa ni langu, na nimekuja kuomba radhi kwa Mama Jeni na kwa Mama Tekla.

Ziwa linapiga tu mchangani.

Mama Jeni akageuka. "Wewe ndiye sauti ya malaria?"

"Ni mimi."

"Sema tena kidogo."

Nikasema, "Chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote."

Akawaangalia wenzake. "Ndiye huyu."

Akafuta mikono, akaenda nyumbani kwake hapo karibu, akarudi na chupa ya lita moja yenye maji aliyochemsha, sukari kwenye kopo, chumvi kwenye karatasi, na kijiko chake cha chai. Akaviweka mbele yangu juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Changanya," akasema. "Halafu unywe wewe kwanza."

Nikachanganya. Nikahesabu kwa sauti, kila kijiko nasawazisha kwa kidole, na kina mama nao wanahesabu. Moja, mbili, mpaka sita. Halafu nusu ya chumvi. Nikatikisa, nikamimina kikombe, nikanywa chote wamesimama wananiangalia. Sijawahi kufanya mtihani mgumu kama ule.

Mama Jeni akachukua kikombe akamimina kidogo, akaonja. Akakaa nayo mdomoni, akameza.

"Haya ni tofauti kabisa," akasema.

Halafu akamgeukia Mama Tekla. "Kumbe ulinyamaza tu."

"Ningesema nini?"

"Ungesema."

Hawakukumbatiana wala nini. Mama Jeni alisogea upande mmoja wa kichanja, akaacha nafasi. Mama Tekla akaingia pale, akaanza kugeuza usipa pamoja nao. Baada ya muda nikasikia wanaongea Kinyasa, sikuelewa, lakini yalikuwa mazungumzo ya kawaida ya watu wanaofanya kazi.

Kabla sijaondoka Mama Jeni aliniambia, "Mwalimu, mimi moyo wangu bado. Ila umekuja, nimeona."

Nikasema asante. Sikuwa na haki ya kudai zaidi ya hapo.

Nilipita kituo cha afya nikamweleza muuguzi wa zamu ilivyotokea ili aandike, na wampe Mama Tekla pakiti za kutosha kwenye mkoba wake. Nikarudi Mbinga.

Nikaingia stoo ya magodoro siku iliyofuata. Sikurekodi somo jipya. Nilirekodi kosa. Nilianza na "nilikosea", nikasema wapi, nikasema lililo sahihi, nikawaomba waisambaze kuliko walivyosambaza ile ya kwanza. Barua ya wilayani nayo niliandika. Na zile test nilizirudisha bila kulihesabu lile swali kwa waliokosea, ila Sista alipata alama zake zote.

Nimejifunza nini?

Audio haikunji uso usipoelewa. Ukiiuliza mara tatu, inakujibu vilevile mara tatu, hata kama inakosea. Darasani ningesema lile neno, Sista angekunja uso, ningemwona, ningejirekebisha papo hapo. Mimi nilichukua sauti yangu nikaituma mbali, halafu nikafunga mlango ambao watu wangepitia kunirudi. Simu haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa ile setting, na furaha niliyokuwa naipata kwa ule utulivu.

Bado narekodi. Siwezi kuacha, wale walioko field wanazihitaji. Lakini kila audio wanafunzi wawili wanaisikiliza kabla haijatoka, na kazi yao ni kutafuta nilipokosea. Mwanzo waliona aibu. Sasa wamezoea mno, wananirudisha stoo hata kwa jambo dogo kama nukta. Grupu nimelifungua. Matangazo ya viatu yamerudi, sala zimerudi, na maswali yamekuja ambayo mwaka mzima sikuwahi kuyasikia.

Kuna mwenzangu ofisini anasema nilijishusha, kwamba mkufunzi hawezi kwenda kunyweshwa maji mbele ya kina mama wa dagaa. Sibishani naye.

Mama Tekla sasa ananitumia voice note moja kwa moja, bila kupitia kwa binti yake. Juzi kauliza kuhusu dawa fulani ya minyoo kwa mjamzito, kama inafaa mimba ikiwa changa. Zamani ningejibu hapo hapo kwa sauti yangu ile. Safari hii nilimwambia, "Mama, hilo sina uhakika nalo. Nitauliza kwa wanaojua."

Akajibu, "Sawa mwanangu. Tunasubiri, hatumpi mtu."

Nimeuliza, nikamrudishia jibu kesho yake.

Walimu na wanafunzi mliomo humu, mliowahi kufundisha au kufundishwa kwa simu, nataka kusikia yenu. Ukigundua somo ulilotuma lina kosa na limeshatawanyika, wewe ulilifuataje? Na wanafunzi, mlishawahi kujua mwalimu amekosea mkanyamaza? Semeni, nasoma zote. Hata mkinisema mimi, nasoma.